Nambari Tatu Ilikuwa Yangu

Jumamosi, 14 Desemba

Umutoni ameandika. Anafika Ijumaa. Anasema hii ndiyo Noeli yake ya mwisho nyumbani kwa muda mrefu, maana Januari anaanza kazi ya uuguzi Nyagatare, ile pembe ya nchi iliyo mbali kabisa na wilaya yetu ya Rusizi, na likizo huko ni ya kupiga magoti. Atakaa siku nane. Bado hajaamua kama atafikia kwangu hapa Kamembe au kwa shangazi yake Gaudiose kule Gihundwe. Anataka kupumzika, anasema, na kuangalia filamu.

Hajaamua! Mwanangu wa pekee! Mama yake alitutoka miaka tisa iliyopita, tumebaki wawili, na yeye hajaamua!

Kabla sijajibu, dada yangu Gaudiose akatupa orodha kwenye kundi la familia. Filamu na dokumentari za kuangalia Noeli hii, nambari moja hadi kumi. Kila moja na nyota zake kama hoteli. Ukoo mzima ukapiga makofi ya simu, hata binamu zetu wa Bukavu ambao wakiulizwa habari ya mgonjwa hawajibu.

Sasa nauliza. Nani katika ukoo huu alikuwa msobanuzi wa filamu miaka kumi na saba? Nani alisimama na maikrofoni kando ya televisheni, katika banda la Mudathiru nyuma ya soko, akawasemesha Wachina, Wahindi na Wamarekani Kiswahili safi, bila kujua neno moja la Kichina, la Kihindi wala la Kimarekani? Mimi, Niyomugabo. Gaudiose alikuwa mlangoni anauza karanga.

Nimeamua. Nitatoa orodha yangu, bora kuliko yake. Umutoni ataiona, atakuja kwangu, basi.

Tatizo dogo: sina filamu hata moja. Zamani zilikuwa kwenye kaseti. Siku hizi ziko hewani, na hewa ina wenyewe.

Jumapili, 15 Desemba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baada ya misa nikapitia Gihundwe. Gaudiose alikuwa jikoni. Mume wake Mbarushimana, karani mstaafu wa forodha ya Ruhwa, mtu wa amani, alikuwa barazani na redio yake bubu. Nikaifungua, nikabana waya mmoja, ikaimba. Nikalalamika kidogo kuhusu maisha.

Akanihurumia. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi anwani na neno la siri la akaunti ya filamu. Akasema ni ya nyumbani, nitumie kwa amani, ila nisimwambie Gaudiose. Nikaelewa vizuri sana. Mume ana akaunti yake, mke ana yake, kama miswaki.

Nimeondoka nikipiga mluzi.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimefunga karakana. Mlangoni nimeandika: FUNDI AMEKWENDA NKOMBO KUTENGENEZA REDIO. Nimekaa ndani na simu.

Simu ikaniuliza ni nani anayetazama. Chini yake uso mmoja tu, wa njano, unacheka. Mimi si wa njano, na sikuwa nacheka, lakini hapakuwa na mwingine. Nikaubonyeza.

Nikaanza na dokumentari, maana watu wenye akili huanzia hapo. Barafu. Mlima wa barafu, halafu barafu nyingine, halafu mzee mwenye ndevu anaangalia barafu. Dakika ya ishirini bado sijamtambua akteri, yule shujaa mwenyewe. Bila akteri, nani atapona mwishoni? Dakika ya arobaini kipande cha barafu kikubwa kuliko kisiwa kizima cha Nkombo kikaanguka majini, mzee akafuta machozi. Hapo nikaelewa: shefu-bandi, yule adui mkuu, ni jua. Lakini hawakumkamata! Majina yakapita, muziki ukalia, na jua bado liko huru. Nikasubiri sehemu ya pili. Haipo.

Kisha filamu ya Noeli. Mwanamke wa mjini anarudi kijijini kwao kwenye theluji, anampenda muuza miti. Nikafungua ya pili. Mwanamke wa mjini anarudi kijijini, anampenda muuza keki. Nikafikiri yule wa kwanza ameachana na muuza miti, nikamkasirikia sana, mpaka mwisho nikagundua kwamba ni mwingine.

Jambo la ajabu. Simu imenipangia filamu zilizokwisha kuanza, eti niendelee. Mtu wa posta na mbwa wake, imefika katikati. Mimi sijawahi kuigusa! Simu imenipunguzia kazi. Nikaendelea kutoka pale. Mbwa yuko juu ya paa, sijui alipandaje. Nimeiweka nambari nne.

Nambari tatu ni barafu. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya jua.

Jumanne, 17 Desemba

Sina raha.

Asubuhi Gaudiose ameandika kwenye kundi kwamba amebadilisha nambari tatu. Ameweka dokumentari ya barafu. Anasema hata hakumbuki aliianza lini, lakini ni nzuri ajabu, mzee analia.

Barafu yangu! Jana tu! Nambari ileile!

Nikatoa orodha yangu mbio mbio, yenye barafu na posta. Gaudiose akajibu kwamba posta na mbwa ni yake, yuko katikati ya kuiangalia, na kwamba mimi nina mkono mrefu tangu utotoni. Mimi!

Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alijua niko ndani ya karakana? Mmoja tu. Mudathiru, aliyekuwa mwenye banda la filamu, sasa anashona makochi mlango wa pili. Kati yetu ni mbao tu. Mudathiru ni Mwislamu, Noeli haimhusu. Hapo ndipo penyewe. Jasusi mzuri ni yule asiyehusika.

Jumatano, 18 Desemba

Mtego. Nimetafuta filamu ambayo hakuna mtu mzima angeiangalia kwa hiari yake. Nimepata: karoti zinazoimba, za watoto wachanga. Nimejifunika turubai la televisheni mbovu, nimeangalia karoti kwa muda wa saa mbili na nusu, sauti juu kidogo ili Mudathiru asikie vizuri.

Karoti ndogo imepotea shambani. Nimetaka kujua kama imepatikana. Hilo halihusiani na mtego.

Alhamisi, 19 Desemba

Gaudiose analalamika kwenye kundi. Anauliza ni nani nyumbani kwake anayeangalia karoti saa nne asubuhi, yeye akiwa sokoni. Mbarushimana amekana kwa Biblia. Sasa Gaudiose anamchemshia majani ya dawa, anahofia kustaafu kumempanda kichwani.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Masikini Mbarushimana! Mtu wa forodha, karoti!

Halafu nikaacha kucheka. Karoti ni zangu. Gaudiose amezijuaje?

Nikaingia kwa Mudathiru bila kubisha. Nikamwambia naijua kazi yake ya pembeni. Akatoa pini mdomoni. Akasema, "Niyomugabo, mi niko nashona canapé. Karoti ya nini tena?" Nikamwambia asijifanye. Akarudisha pini mdomoni. Hatusemeshani.

Ijumaa, 20 Desemba

Amefika! Na amekuja kwangu moja kwa moja, na mifuko miwili, mkubwa na mdogo! Aliposhuka kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, nilisahau hata kumsaidia mizigo. Amekonda. Akasema, "Papa, niko na njaa." Nikampa bugari, ugali wetu, na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, akala akilamba vidole kama alipokuwa na miaka saba.

Orodha zote mbili anazo kwenye simu. Amezisoma ndani ya gari, amecheka njia nzima, abiria wamemwangalia. Anasema zinafanana kama mapacha, ila yangu imeandikwa "akteri hayupo" kila mahali. Nikamweleza kuhusu jasusi. Akanikazia macho, akauliza ninatumia akaunti ya nani. Nikamwambia ni siri ya wanaume.

Kisha akasema yeye orodha haimsumbui, filamu yoyote sawa, mradi nimsobanulie. Anakumbuka alivyokuwa anakaa chini ya meza ya televisheni kule bandani, kando ya miguu yangu, na karanga za shangazi.

Nikacheka. Nikamweleza kwamba mambo hayo yamepita. Siku hizi filamu zina maandishi chini, msobanuzi ni kama taa ya mafuta. Mimi sasa ni mshauri. Akaanza kukusanya sahani. Alikuwa amechoka na safari, nadhani.

Jumapili, 22 Desemba

Jana na leo tumeangalia nambari moja, mbili, tano na sita. Mpango umekwenda vizuri. Kila dakika kumi nasimamisha picha na kumweleza kwa nini nimetoa nyota hizo na si nyingine. Ratiba imebandikwa ukutani. Kula ni kati ya nambari na nambari.

Leo katikati ya sita akasema, "Papa, sema kintu basi, kama zamani." Nikamwambia anyamaze, tumheshimu aliyetengeneza filamu. Sikuwa naielewa filamu yenyewe. Kulikuwa na ndugu wawili wanaofanana, na nilikuwa nimewachanganya tangu mwanzo.

Saa kumi alasiri mega za intaneti zikaisha kwenye simu. Umutoni akasema anakwenda kumsalimia shangazi Gihundwe, huenda akalala huko. Amechukua mfuko mdogo. Mkubwa umebaki. Nimeuinua kupima. Ni mzito. Sijui kama ameuacha kwa mapenzi au kwa uzito.

Jumatatu, 23 Desemba

Hajarudi. Nimepata mpango mwingine.

Nikaenda Gihundwe na mkoba wa vifaa, nikamwambia Gaudiose namsafishia televisheni, zawadi ya Noeli kutoka kwa kaka yake. Akanitilia shaka, lakini zawadi haikataliwi. Nikafungua mgongo wa televisheni. Nikachomoa waya wa sauti. Bila sauti hakuna filamu, bila filamu Umutoni atarudi nyumbani kwa baba yake. Rahisi.

Nilitaka kuweka alama mahali nilipochomoa. Gaudiose akaingia na chai. Nikafunga haraka haraka. Skrubu moja imebaki mfukoni.

Umutoni alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kama nakula vizuri nikiwa peke yangu. Nikamwambia ajiandae, kesho kutwa kutakuwa na mabadiliko.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli! Naandika haraka.

Baada ya misa wote tumekula kwa Gaudiose. Nilikataa kuja, kisha nikakumbuka kwamba Umutoni yuko huko. Mbarushimana, ambaye majani yamemwacha na rangi mbaya, alikuwa amemwalika hata Mudathiru. Tukakaa mwisho wa meza bila kusemeshana, tukapeana chumvi.

Baada ya kula Gaudiose akatangaza nambari tatu. Barafu ikatokea, kubwa, nyeupe. Kimya. Mdomo wa mzee unacheza, sauti hakuna.

Watu wote wakanigeukia. Si mimi ndiye fundi? Si mimi niliyesafisha juzi? Nikafungua mgongo mbele ya macho ishirini. Nyaya mbili zimelegea na mimi nilichomoa mmoja. Upi? Na ule mwingine ulilegezwa na nani? Nikajaribu huku, picha ikawa kijani. Nikajaribu kule, ikarudi nyeupe, lakini kimya kilekile. Gaudiose akaanza kuhema kwa pua.

Umutoni akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na mwiko, akaniwekea mkononi kama maikrofoni. "Papa, acha waya. Utusobanurie weye."

Nikasema hapana. Nikasema mimi sasa ni mshauri. Lakini mwiko ulikuwa mkononi, na yule mzee wa ndevu alikuwa ananitazama kutoka kwenye barafu. Na mdomo wangu, bila ruhusa, ukafunguka.

Nikawaambia: bantu ya Mungu, huyu ni Mzee Cirhuza wa Bukavu. Alimkopesha jua mlima mzima wa barafu, jua likaapa kurudisha Jumamosi. Sasa ni mwaka wa thelathini. Leo Cirhuza amekuja mwenyewe kudai, na ndevu zake, na koti la mkewe. Ndege akipita, ni shahidi. Samaki mkubwa akitokeza kichwa, ni wakili wa jua, amekuja kuomba siku nyingine mbili. Barafu ilipoanguka nikapiga meza kwa mwiko, nikalia kilio cha Cirhuza, "Weye jua, unanila mi na batoto yangu!", na wanawake wakapiga kelele.

Majirani wakaingia. Wakajaa mlangoni, wakakaa chini. Mudathiru alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaniita kwa jina la zamani la bandani, basi tukawa tumepatana bila kuzungumza. Gaudiose alifuta machozi na kitambaa cha meza. Na Umutoni, mtu wa miaka ishirini na mitatu, muuguzi, akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni kando ya mguu wangu. Alicheka mpaka akalia. Kisha akaacha kucheka na kulia kukaendelea, kichwa kwenye goti langu.

Nilifurahi. Nasema wazi. Tangu mama yake aondoke sijafurahi hivyo.

Amerudi nami Kamembe na mfuko mdogo. Njiani nimefikiri sana juu ya kilicholeta mafanikio haya. Nimepata jibu. Ni uchaguzi. Nambari tatu ilikuwa filamu sahihi, na mimi ndiye niliyeichagua.

Alhamisi, 26 Desemba

Saa moja asubuhi Gaudiose ameandika kwenye kundi: anafurahi kwamba nambari tatu yake imewapendeza watu.

YAKE!

Nikajibu. Akajibu. Mbarushimana akaingia kati kuleta amani, akakiri habari ya karatasi na neno la siri. Kukawa moto. Umutoni akanikalisha, akanieleza mara tatu, polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa dawa. Uso wa njano ni wa Gaudiose. Ninachoangalia mimi kinaonekana kwake. Anachoangalia yeye kinaonekana kwangu. Hakuna jasusi. Posta na mbwa ni wake, karoti ni zangu.

Nimeelewa nusu. Lakini nusu hiyo inaleta swali zito. Barafu niliibonyeza mimi kwanza, ila kwa uso wake. Yeye aliitangaza kwanza, ila kwa kidole changu. Basi nambari tatu ni ya nani? Hili si jambo la kuachwa hivi hivi. Nimeanza kuandika hoja.

Mchana Umutoni akaleta karanga, akakaa kando yangu. Akauliza kama naweza kumsobanulia filamu nyingine, hata fupi, hata ya dakika kumi. Nikamwambia asubiri nimalize hoja ya sita. Nilipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu na sahani imejaa maganda.

Ijumaa, 27 Desemba

Hoja ya kumi na moja. Watu wote wametoka kwenye kundi la familia. Tumebaki mimi na Gaudiose. Hiyo ni dalili kwamba wameshawishika.

Umutoni amefua mashati yangu yote, amepika chakula cha siku tatu, amebandika karatasi kwenye sufuria kuonyesha kipi kiliwe kwanza. Alasiri akauliza kama tunaweza kutembea kwa miguu mpaka ziwani, tuzungumze. Nikamwambia kesho.

Kesho anaondoka. Nimekumbuka sasa hivi, amekwisha kulala.

Jumamosi, 28 Desemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Asubuhi tumechimba mfereji, mtaa mzima, Umutoni na jembe kando yangu. Nilimwonyesha udhaifu wa hoja za Gaudiose mpaka kiongozi wa mtaa akaniomba nichimbe na mikono pia.

Basi lake lilikuwa la saa sita. Kituoni Kamembe akanikumbatia kwa muda mrefu, mpaka kondakta akakohoa. Akasema, "Papa, mi sikukuyaka juu ya filamu."

Hakuja kwa ajili ya filamu? Nikamuuliza alikuja kwa ajili ya nini basi. Akanitazama, akatabasamu na machozi yamesimama, akataka kusema kitu. Kondakta akafunga mlango.

Nimerudi kwa miguu nikifikiri. Siku nane, mifuko miwili, safari ndefu vile. Si filamu. Ni nini? Nimemuuliza Mudathiru. Ameacha kushona, amenishika bega, kisha amerudi kwenye makochi yake. Naye hajui.

Jioni nimekula chakula cha karatasi ya kwanza. Nyumba ni kubwa kuliko ninavyoikumbuka.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimepata jibu!

Si filamu, alisema. Basi ni dokumentari! Orodha yangu ilikuwa na filamu saba na dokumentari tatu tu. Mtoto amesoma, amekuja kutafuta maarifa, nikampa wauza miti. Kosa langu, nalikubali kiume.

Mudathiru amenifungulia akaunti yangu mwenyewe. Uso wa kijani. Nimefanya kazi tangu alfajiri, na sasa hivi nimemtumia Umutoni orodha mpya kabisa: dokumentari sitini na nne, ya kuanzia sasa mpaka Pasaka, na nyota zake.

Amejibu haraka, kutoka Nyagatare. Anasema amefika salama, chumba chake ni kidogo na hamjui mtu yeyote. Dokumentari hana haja nazo. Anaomba kitu kimoja tu. Nimpigie simu jioni, nimsobanulie yoyote, hata kama sijaiona, asikie sauti yangu dakika tano kabla ya kulala.

Hata kama sijaiona! Mtoto huyu ananidhania mimi ni mtu wa kubahatisha. Nimemwandikia awe na subira. Nimeangalia moja, zimebaki sitini na tatu. Nikimaliza zote, nitampigia.